Pacha wa Koplo Khamis

Nyinyi mnaokalia dirisha la kumbukumbu za wagonjwa siku hizi, kwenye viti vinavyozunguka, mkiniona nimekuja hospitali ya kambi kuchukua dawa zangu za presha huniita ndani na kuniambia, "Shikamoo Bi Mize, tupe siri ya kazi." Nami huitikia marahaba, nikacheka, nikaenda zangu. Siri sina, wanangu. Nilikuwa raia katikati ya wanajeshi mpaka nikastaafu, na siku nyingi nilizokaa pale sikuelewa kilichokuwa kinaendelea. Watu walidhani najua kwa sababu nilikuwa nanyamaza.

Lakini kiko kisa kimoja nilichokuwa nimefungwa mdomo nisikiseme mpaka mwaka huu, na mtaona kwa nini. Hata sasa nikitaka kukipanga kichwani hakitulii. Nikikishika upande huu, kinanitoka upande ule. Basi nikikwama mniwie radhi, maana nilikwama hivyo hivyo kilipokuwa kinatokea.

Kazi yenyewe makao makuu waliipa jina refu: usimamizi wa ubora wa takwimu za afya. Mkuu wangu, Sajini Lugano, mtu wa Mbeya aliyeletwa Pemba akiapa kwamba pweza hatamla maishani, na mwaka uliofuata akawa anamgombania, aliifupisha siku niliyoanza. Alisema kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu aliyeandikwa ndiye mtu aliyekaa kwenye benchi, basi. Nikajisemea moyoni, hii kazi ya mezani, nitaifanya huku nasuka ukili wa mikeka.

Wiki ile ile nikamwendea kwa furaha. Nilikuwa nimepitia kadi za kikosi kizima na kuona askari wote wana presha moja, mia na ishirini kwa themanini, kuanzia kuruta hadi afande mwenye kitambi. Nikasema mashallah, jeshi letu lina afya. Sajini akanitazama kwa huruma. Kumbe kipimo kilikuwa kimekufa, na muuguzi kwa kuogopa kuacha nafasi tupu akawa anaandika ile aliyofundishwa darasani. Hapo nikajifunza kwamba namba zikipendeza mno, uinuke kitini ukakitazame kipimo. Na nafasi tupu haina aibu. Kuijaza kwa kukisia ndiyo aibu.

Ukaja msimu wa karafuu. Makao makuu wakapiga simu kutoka bara, sauti ya upole ya mtu anayeficha wasiwasi. Ripoti yetu ilionyesha watu wengi wamevunjika mikono na mbavu, na sababu iliyoandikwa ni "kuanguka". Waliuliza kama kuna mazoezi yanafanyika bila kibali. Sajini akawaeleza kwamba hao ni wake za askari na mashemeji zao, wameanguka mikarafuuni. Wakauliza nani aliwatuma kupanda. Sajini akazuia simu kwa kiganja akaniuliza mimi, "Bi Mize, nani huwatuma?" Nikamwambia hutumwa na karafuu. Tuliongeza sababu mpya kwenye fomu, "kuanguka mkarafuuni", na tangu hapo hawakupiga tena.

Nasema haya ili mjue kwamba nilikuwa nimeshaanza kujiona fundi. Mtu akishajiona fundi, hapo ndipo kamba humzunguka miguuni.

Alikuwepo askari mmoja, Koplo Khamis, kijana wa Wawi, aliyeoa Mtambile binti anayeitwa Siti. Mtoto wao alizaliwa kwa mama yake Siti, kwa mkunga, si hospitali. Jina lake Hassan. Nilimwandika mwenyewe kwenye kadi ya wategemezi, chini ya namba ya jeshi ya baba yake, maana huku kwetu ukitafuta mtu kwa jina utawapata watano. Ali Juma Ali, Juma Ali Juma, na amu zao na wajukuu zao. Namba ya baba ndiyo iliyokuwa nguzo yetu.

Hassan alikuwa mtoto wa maradhi. Homa ikiondoka, kinakuja kifua. Kikiondoka kifua, sikio linatoka usaha. Siku moja akachomwa sindano ya penisilini, uso ukavimba, pumzi ikakata, na nusura tumpoteze pale pale. Muuguzi wa siku hiyo akaandika juu ya faili lake kwa wino mwekundu kwamba dawa ile isimguse tena. Baba yake alikuwa amekwishahamishiwa bara, kwa hiyo hekaheka zote zilikuwa za Siti na mama yake, Bi Asha, mwanamke mwembamba mwenye macho yanayokuhesabia makosa.

Kisha Hassan akapotea. Ulipita muda mrefu hatukumwona. Halafu Siti akaja dirishani na mtoto mgongoni, mtoto kafunikwa uso wote, kalala. Akasema anataka kumwandikisha mtoto wa Koplo Khamis, jina lake Hussein. Nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akanitajia. Nikaitazama kadi ya Hassan: tarehe ile ile.

Sasa nyinyi niambieni. Baba mmoja, mama mmoja, siku moja, Hassan na Hussein. Yupi Mpemba, yupi Muislamu wa pembe yoyote ya dunia, asingesema ni pacha? Nikamwambia Siti kwa utani, "Ala, kumbe pacha, na huyu mlimficha wapi siku zote?" Siti akainamisha kichwa, akanyamaza. Nami nikakichukua kile kimya nikakiandika kwenye kadi: pacha. Nilijipongeza kwa kumpata mtoto aliyekuwa amesahauliwa.

Nilipomuuliza mwenzake hajambo, akanijibu kwa sauti ndogo, "Bi Mize, yule usimtaje." Akaondoka.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mama amefiwa na pacha mmoja, ndiyo maana kamleta aliyebaki. Na sisi hatukuambiwa, hatukwenda kuzika, hatukupeleka hata mkono wa pole. Nikaona haya. Kumuuliza tena mama kama mwanawe amekufa ni jambo ambalo ulimi wangu haukuweza. Siti naye hakuja tena na mtoto. Kila mara aliyemleta alikuwa bibi yake, Bi Asha, na Bi Asha hakuwa mtu wa kuulizwa ulizwa.

Zikaja kompyuta. Makao makuu wakaleta amri kwamba kila kambi isafishe wategemezi wake: waliorudiwa waunganishwe, waliokufa wafungwe. Jina la Koplo Khamis likarudi na alama ya kuuliza. Yeye huko aliko, alipoulizwa ana watoto wangapi, alijaza mmoja, Hassan. Sajini Lugano akavua kofia akaiweka mezani.

"Baba ana Hassan, hana Hussein," alisema. "Sisi tunamtibu Hussein, Hassan hatumwoni. Hebu nieleze, Bi Mize, kwa sababu mimi sina tena pa kushika."

Nikamweleza ninavyojua: Hassan amefariki, na baba hajaambiwa, huenda wanamficha kwa sababu yuko mbali. Na huyu Hussein? Sajini aliuliza kama inawezekana mtu akazaliwa pacha na baba yake asijue. Nikasema labda alizaliwa nyuma, baba kishaondoka. Akauliza, tarehe ile ile? Kila tulipoziba tundu moja, maji yalitokea jingine, na nawaambia kweli kwamba tulikaa na jambo lile siku nyingi tukilizungukia. Nilitaka nimfunge Hassan tuendelee na wengine. Sajini akakataa. Jeshini, alisema, mtu hafi bila karatasi. Usifunge usichokielewa, kiache na alama yake ya kuuliza mpaka uulize.

Basi ikawa lazima niulize.

Bi Asha alikuja asubuhi moja na mtoto anayehema, kifua kimempanda. Kapteni wetu, daktari aliyekuwa mgeni kisiwani, alimpima, akamuuliza bibi kama mtoto ana aleji yoyote, kama kuna dawa iliyowahi kumkataa. Bi Asha akajibu hana kitu. Faili la Hussein nalo lilikuwa safi, halina wino mwekundu. Kapteni akaandika penisilini. Wakakaa benchi la nje ya chumba cha sindano kungoja zamu, mtoto mapajani mwa bibi yake.

Nilijikaza. Nilijifunga buibui vizuri, nikaenda nikakaa pembeni yake, nikamsalimu, nikamuulizia hali. Kisha, kwa adabu yote niliyofundishwa na wazee wangu, nikamshika mkono nikamwambia, "Bi Asha, poleni sana kwa Hassan. Tumechelewa, lakini Mwenyezi Mungu amlaze pema."

Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Alimziba mtoto masikio kwa viganja vyote viwili, akanisogelea usoni, na maneno yake yalitoka kwa kunong'ona, nayo yalikuwa makali kuliko kelele.

"Nani kakwambia kafa? Mwana si huno! Jina lile halikumchukua, kila mwezi homa, kila mwezi kifua, tukamvua. Maradhi yale ya jina lile, tumeyaacha nalo. Na weye waja kuyaita hapano, mbele yakwe?"

Nilimtazama mtoto, naye alinitazama kwa macho makubwa ya homa. Mila hiyo naijua, nani Pemba asiyeijua: mtoto akizidiwa na jina anabadilishwa, na la zamani halitajwi tena, yasije yale maradhi yakalisikia yakaitika. Dada yangu mwenyewe alibadilishwa. Lakini ndio hivyo tena, wanangu, nilipokuwa nyumbani nilikuwa Mpemba, na nilipokaa dirishani nilikuwa karani, na hawa wawili hawakuwa wakisemezana. Bibi hakutaka kuondoka mbali na jina la kwanza, akachukua Hussein, jina lililo ndugu na lile, ili lile lisione limetupwa. Alinieleza hayo baadaye.

Muuguzi akachungulia mlangoni akaita, "Hussein Khamis." Bi Asha akainuka na mtoto wake, hakunitazama, akaingia.

Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilikuwa najaribu kuhesabu watoto. Walikuwa wawili, mmoja kafa. Sasa hakufa. Basi ni wawili? Hapana, ni mmoja. Kama ni mmoja, basi yule aliyevimba uso ndiye huyu. Kama ndiye huyu, basi ule wino mwekundu ni wa huyu. Hapo ndipo miguu ilipojua kabla ya kichwa. Nilikimbia, na nyinyi mnaniona nilivyo, sikuwa mwembamba hata enzi hizo.

Muuguzi alikuwa praiveti kijana, sindano tayari mkononi, mtoto kashainamishwa. Nilitaka kusema jina nikakumbuka siruhusiwi. Nilipiga sauti moja tu: "Simama!"

Mwanajeshi ukimwambia simama, husimama kwanza, akauliza baadaye. Namshukuru Mungu kwa jambo hilo mpaka leo. Mkono wake uliganda hewani. Kapteni akaja mbio kutoka chumba cha pili, akataka kujua kuna nini.

"Huyu asichomwe," nikasema. "Huyu ana aleji ya yule."

"Yule nani, Bi Mize?"

"Yule ambaye ni huyu."

Kapteni akanigusa paji la uso kutazama kama nina homa. Sikumlaumu. Nilimgeukia Bi Asha, machozi yananitoka, nikamwomba. Nilimwambia mimi sitalitaja, lakini daktari asipojua atamuua mtoto. Niliona hofu mbili zinapigana usoni mwake, na sijui hata leo ipi ilikuwa kubwa. Kisha akamvuta Kapteni kwa mkono wa shati mpaka kona ya chumba, akamnong'oneza sikioni kwa muda. Kapteni akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi, akaichukua ile sindano na kuimwaga. Mtoto akapewa dawa nyingine, ya kunywa, akapona.

Nimefikiria sana ni nani aliyekosea siku ile na sijapata. Bibi alitaka maradhi yabaki na jina la zamani. Nasi tukamfanyia hivyo hivyo, tena kwa hati nzuri: faili la Hassan limejaa maradhi, faili la Hussein jeupe pee. Hakuna takwimu zilizowahi kumtii mtu kama zile.

Ikabaki kompyuta. Tulitaka kulifunga faili la Hassan na kuhamishia kila kitu kwa Hussein, lakini mashine ilikuwa inakubali sababu tatu tu: amefariki, amehama, kosa la uandishi. Sajini alikataa ya kwanza, mimi nikakataa ya tatu, maana niliandika nilichoambiwa. Akabofya "amehama". Mashine ikauliza amehamia wapi. Sajini alifikiri, akaandika: kwa Hussein. Makao makuu hawakusema neno.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kuuliza, na hili ndilo mnaloweza kwenda nalo. Msimuulize mzazi jina la zamani la mtoto mbele ya mtoto. Mwiteni pembeni, muulizeni, "Alipozaliwa aliitwa hivi hivi?" Akinyamaza, nyamazeni naye. Mpeni kalamu aandike mwenyewe, au inameni awanong'oneze. Kimya cha mtu si chenu kukijaza.

Bi Asha nilimwendea Mtambile kumtaka radhi. Alinikaribisha, akanipikia mihogo ya nazi, na wakati wa kuaga akanipa sharti.

"Jina lile usilitamke tena mpaka mwana aote ndevu," alisema. "Akishaota ndevu, maradhi yale hayamuwezi."

Nikakubali. Alifariki miaka michache baadaye, na sharti likabaki kwangu.

Mwaka huu, mvua za masika zimeanza, nilikuwa uani kwangu Tibirinzi naanua nguo. Akabisha hodi kijana mrefu, kanyooka, kichwa kimenyolewa, viatu vinang'aa. Akanipa shikamoo akasema yeye ni Hussein wa Koplo Khamis, amemaliza mafunzo ya ukuruta, amepewa likizo fupi, na Jumatatu anavuka kwenda bara kwenye kikosi chake. Nilifurahi mno. Nilimwambia aingie, akasema hatakaa, ana jambo moja tu la kuniuliza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mafaili.

Alisema kwamba alipokuwa mdogo, hospitali, kuna mtu alimpa bibi yake pole ya Hassan. Bibi alimziba masikio, lakini alikuwa kashasikia. Uso wa mtu huyo haukumbuki. Alikua na jambo hilo. Akimuuliza mama yake, mama huinuka akaenda jikoni. Akimuuliza baba, baba hucheka, akasema hayo ni ya mama yako na bibi yako, mimi niliambiwa baadaye tu.

"Najua nilikuwa na pacha, Bi Mize," alisema. "Namuombea dua kila Ijumaa. Sitaki kumsumbua mama. Nataka nijue tu kazikwa wapi, nikamsomee kabla sijaondoka."

Nguo zilinianguka. Miaka yote ile mtoto huyu amekuwa akiomboleza kwa neno moja langu la adabu, nililolisema mahali pasipo pake. Nilitaka nimkumbatie na nilitaka nijifiche, yote pamoja. Na ahadi yangu kwa marehemu ikanisimamia mbele. Nikamtazama kidevuni. Kilikuwa laini, hakina hata unywele. Nikachanganyikiwa tena, kama kawaida yangu. Kisha nikakumbuka kidevu hiki siku hizi ni cha jeshi, nikakumbuka na Sajini Lugano: uliza.

"Mwanangu," nikasema, "wewe unanyoa ndevu?"

Alishangaa, lakini kuruta hujibu. "Kila asubuhi, Bi. Ni amri."

"Ukiziacha, zinaota?"

"Zinaota, Bi."

"Basi kaa kitako," nikamwambia, "nikupe salamu za Hassan."